Macho Niliyoyafunika

Mwanangu Nyamizi,

Zile salamu za barua, za natumaini u mzima kama mimi nilivyo mzima, leo naziruka. Asubuhi umeniamkia mwenyewe, shikamoo baba, umeshika kikombe cha chai, na mimi nikaitikia marahaba huku macho yangu yako kwenye uzi. Ndivyo tulivyoishi wiki hizi tatu. Unanisalimia, naitikia, na kila mmoja anaangalia kitu kingine.

Saa hizi ni jioni, jua bado halijazama ziwani. Wewe na mama yako mmekwenda Mkuyuni kumuaga shangazi yako. Na mimi nilikuwa niende, lakini mama yako akaniambia pale mlangoni, mbele yako, "Wewe baki, una nguo za watu." Sina nguo za watu. Nilizimaliza zote jana. Alikuwa ananiachia nafasi niandike barua hii. Na ukiona nimeiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo, ujue karatasi nyingine sikuwa nayo, na sikutaka kutoka kwenda dukani nikutane na mtu wa kunipigisha hadithi.

Mambo ya safari siyaandiki. Usiache begi, usile ovyo njiani, ukishuka Dar piga simu: mama yako ameshayasema mpaka begi lenyewe limeyashika. Kazi ya mapokezi hotelini unaijua kuliko mimi, ambaye hotelini naingia kwa mlango wa nyuma nikipeleka mapazia. Nataka kukuandikia juu ya kope zako.

Najua umeshusha pumzi hapo. Soma tu, mama.

Nianze na siku ile dukani Mabatini, ulipokuja kujaribu suti ya kazini. Uliniambia wakati nimekubandika pini begani, kwa hiyo wewe hukuweza kuondoka na mimi sikuweza kujifanya sijasikia. Ulisema, "Baba, kuna daktari nimempata Dar. Ananyanyua kope. Nikishaanza kazi nikajipanga, nataka kwenda kufanyiwa." Ukanieleza taratibu, kama mtu aliyejizoeza maneno yake mbele ya kioo. Kwamba chuoni walikuita Usingizi. Kwamba ulipokuwa mafunzoni ile miezi mitatu, msimamizi wako alikuambia, "Binti, wateja wanadhani umelala." Kwamba hilo jicho la kushoto ndilo baya zaidi, na umechoka kupiga picha umeinamisha kichwa ili nywele za bandia zilifunike.

Na mimi nikakuuliza kwa sauti, mbele ya wateja wawili, "Unataka kukata macho ya mama yangu?"

Ulinijibu vizuri. Mpaka leo nalikumbuka jibu lako neno kwa neno. "Baba, haya siyo macho ya bibi, ni ya kwangu. Anayeambiwa amelala siyo bibi, ni mimi." Kisha ukavua koti na pini zake ukaliweka juu ya cherehani, ukaondoka.

Kabla hujafika barabarani nilishajua kwamba una haki. Ila mimi ni mtu wa kukasirika haraka na kuomba radhi polepole, unanijua. Na hasira ile haikuwa ya kumtetea bibi yako kama nilivyojifanya. Ilikuwa hofu. Kuna jambo limo usoni mwako ambalo hulijui, na mimi ndiye niliyeliweka.

Bibi yako unamjua kwa hadithi tu, na hadithi hizo nilizichuja kabla ya kukupa. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kope zilizoshuka kama zako. Mtu akimwona mara ya kwanza alidhani anasinzia, kumbe ameshaona kwamba vifungo vyako umevikosea matundu. Kwa sababu hiyo nilikuwa simdanganyi utotoni. Nilijaribu mara mbili, nikaacha.

Kule kwetu Misungwi kuni zilikwisha zamani. Watu walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake unachoma. Ukikaa na moshi ule miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha, macho yanakuwa mekundu na hayarudi tena. Karibu kila mwanamke mzee kijijini alikuwa na macho mekundu. Lakini ukiwa na macho mekundu, na kope zimeshuka, na ni mjane unayeishi peke yako, watu wanaanza kukuangalia vingine. Unajua ninachosema. Kwetu Usukumani wako wazee wa kike waliouawa kwa sababu ya rangi ya macho yao tu.

Mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Wiki hiyo hiyo binamu yangu alikuja mjini kwa baiskeli, hakukubali hata kukaa kitini. Akaniambia, "Kaka, kamchukue mama. Nasema leo, siyo kesho."

Nilikwenda nikamleta siku hiyo hiyo, na mkeka wake, na chungu chake, na kuku mmoja ambaye alikataa kumwacha. Nikamweka hapa Igogo, katika nyumba hii hii juu ya mawe, enzi hizo ina vyumba viwili. Sehemu hiyo ya hadithi nimekusimulia mara nyingi, nikijivunia. Nilimwokoa mama yangu. Ni kweli kabisa, na nilikuwa naishia hapo kila mara kwa sababu iliyobaki hainipendezi.

Iliyobaki ni kwamba niliogopa. Nusu ya majirani zetu hapa walitoka vijiji vilevile. Siku ya pili tu, mama alikaa mlangoni, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akamvuta mtoto wake upande wa pili wa njia. Labda alikuwa anamkwepesha jiwe. Sitajua kamwe. Kesho yake nikaenda sokoni Mkuyuni nikanunua miwani ya jua, myeusi tii, nikampa mama. Nikamwambia, "Daktari anasema jua la huku ziwani litakuharibu macho." Hakuwa ameonwa na daktari yeyote.

Aliivaa. Kwanza akitoka nje. Halafu akawa anaivaa wageni wakija ndani. Halafu akaivaa siku nzima, kwa sababu akiivua aliuona uso wangu unabadilika, na yeye, nimeshakuambia, hakuna kilichompita machoni. Giza likiingia alikuwa anapapasa mlango kwa mkono, na miwani iko usoni. Mimi nashona.

Siku moja amekaa pale kwenye jiwe kubwa la mbele, anachambua maharage, ameelekea ziwani. Akaniuliza kwa Kisukuma bila kugeuka, "Hawa majirani zako ndio wananiogopa, au ni wewe?"

Nilimjibu, "Mama, jua ni kali." Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Halafu ukazaliwa wewe. Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema upewe jina la bibi, na tangu siku hiyo nakuita mama, kama ilivyo desturi. Ulipofika miezi sita hivi kope zako zikaonekana wazi kwamba ni zilezile. Zote mbili, sawasawa. Hilo nataka ulisome vizuri, Nyamizi: zilikuwa sawasawa. Bibi yako alikupakata akasogeza miwani juu ya paji, akakutazama muda mrefu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumbe nimerudi kabla sijaondoka!"

Kila mtu alicheka, mimi nilitoka nje. Sikumwona mwanangu pale. Nilimwona mjane wa miaka sabini anayechomewa nyumba. Nilikuona wewe, mtoto wa miezi sita, unakimbizwa na watu wenye mapanga. Leo ukisoma hivi utaona ni wazimu, na ni wazimu kweli. Lakini hofu ya namna ile nilikuwa nimekua nayo tangu utoto, na niliiita akili.

Ulipokuwa na mwaka mmoja na nusu, babu yako mzaa mama alifariki. Mama yako akapanda meli kwenda Ukerewe msibani. Wewe ulikuwa na homa kidogo, basi tukakubaliana ubaki na mimi na bibi. Siku ya tatu nilikubeba nikakupeleka kwa mtaalamu mmoja. Niliambiwa kwamba anachanja chale juu ya macho ya watoto, anapaka dawa yake, na kope zinafunguka. Kwetu ni jambo la kawaida. Mtoto akiumwa macho, akiumwa kichwa, watu wanachanja. Nilijiambia kwamba kila mtu anafanya. Wembe wenyewe ulikuwa mpya, umetoka kwenye karatasi yake mbele yangu, nikajisikia baba mwangalifu.

Mimi ndiye niliyekushika kichwa. Alichanja chale tatu kila upande, chini kidogo ya nyusi, akapaka majivu yake meusi. Sitaandika ulivyolia.

Upande wa kulia ulipona. Wa kushoto ulivimba siku ya pili, ukatoka usaha, jicho likafunga kabisa. Bibi yako ndiye aliyenisukuma hospitali, akanifuata na miwani yake mpaka huko. Muuguzi mmoja alinisema mbele ya watu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Walikuokoa jicho. Lakini kidonda kilipofunga, kovu likavuta, na ukope ukashuka kuliko mwenzake. Ukisimama kwenye kioo chenye mwanga ukainyoosha ngozi kwa kidole, pale chini ya unyusi wa kushoto, utaiona mistari yenyewe. Imejificha vizuri. Mimi nimeiona kila siku kwa miaka ishirini na moja.

Mama yako aliporudi alikukuta na bandeji. Hakuuliza habari za safari wala za nyumbani. Alisema, "Nani kamfanya mwanangu hivi?"

Nyamizi, mimi sikusema uongo. Nataka uelewe ujanja wangu ulivyokuwa. Sikusema neno hata moja. Nilimtazama mama yangu tu.

Bibi yako akavua miwani. Akasema, "Ni mimi, mkwe wangu. Nilidhani namsaidia."

Na mama yako akaamini. Kwa nini asiamini? Mwanamke mzee wa kijijini, mwenye macho yale. Hakumfokea. Aliendelea kumwamkia kila asubuhi, kumpikia, kumfulia. Ila tangu siku hiyo hakukuacha mapajani mwa bibi yako hata dakika moja. Ulikuwa unatembea sasa, unamfuata bibi pale kwenye jiwe, na mama yako anakuita kwa sauti ya upole, "Nyamizi, njoo huku mama." Unageuka unarudi. Bibi yako anaendelea na maharage yake. Aliishi mwaka mmoja na miezi michache katika hali hiyo, na mimi ningeweza kuimaliza kwa sentensi moja wakati wowote.

Ulipokua ukaanza kuuliza kuhusu jicho lako, mama yako alikuambia umezaliwa hivyo. Hakutaka umchukie aliyekupa jina. Ona sasa watu walivyokuwa wakilindana ndani ya nyumba hii, na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa sababu yangu.

Nilimwambia ukweli mama yako usiku wa ile siku ya suti. Alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi. Akasema, "Kwa hiyo mimi nilimnyima mzee wa watu mjukuu wake mpaka anakufa. Na wewe unapita hapo, unatuona." Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniletea chai dukani, akaiweka, akasema, "Mtoto anakwenda kulala kwenye kitanda cha daktari, na hajui uso wake una nini. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Basi nimekwambia.

Pumzika kidogo ukitaka. Nenda ukaangalie kioo, ukanichukie, urudi. Kuna mambo mawili matatu mengine, na haya si ya kuomba radhi, ni ya kukusaidia.

Wiki iliyopita nilifunga duka mchana nikasema nakwenda kununua vifungo. Nilikwenda hospitali, upande wa macho. Nilimkuta daktari mwanamke, kijana, angeweza kuwa dada yako. Nikamweleza kila kitu, na ni mtu wa pili kuambiwa. Alinisikiliza halafu akasema, "Mzee wangu, siwezi kumpima mtu kupitia baba yake. Aje mwenyewe, hapa au huko aendako." Ila nilipoendelea kukaa, akanieleza kidogo, na mimi niliandika kwenye daftari hilihili.

Alisema kope hushuka kwa sababu tofauti. Wengine ngozi imezidi. Wengine ule msuli unaonyanyua ukope ndio dhaifu. Wengine kovu ndilo linalovuta. Kwa nje vyote vinafanana, lakini kila kimoja kina upasuaji wake, na daktari asiyeambiwa habari za kovu anaweza kutibu kisichokuwepo. Kwa hiyo akikuuliza kama jicho lako liliwahi kuguswa, usimjibu kama ulivyofundishwa nyumbani. Mwambie, baba yangu alinipeleka nikachanjwa nikiwa mdogo, likatunga usaha. Sema hivyohivyo, usinifichie.

Aliniuliza kama ukiumia kovu lako huwa linaota nyama. Nikakumbuka sikio lako ulipotoboa, lile donge lililokaa hadi likabidi likatwe, na likarudi. Mwambie na hilo. Aliniuliza kama unaona vizuri. Nikasema ndiyo, halafu nikafikiri, nikamwambia kwamba ukisoma huwa unanyanyua unyusi wa kushoto na kidevu, na jioni unasema paji linakuuma. Tulikuwa tunadhani ni maringo. Akasema huenda ukope unakuzuia kuona, na hilo lipimwe kwanza kabla mtu hajazungumza uzuri. Alisema pia kwamba jicho laweza kuwa kavu baadaye, kwamba utavimba wiki kadhaa, kwamba hata mikono mizuri haiwezi kuahidi macho mawili yanayolingana kabisa, na kwamba ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho linalala wazi.

Hilo la mwisho nililielewa bila maelezo. Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono unaweza kukifungua ukaongeza. Kilichokatwa kikaanguka chini, kimeanguka. Kuna mteja wangu mmoja alileta gauni lile lile mara tatu. Wifi yake amesema limepwaya, nikabana. Shoga yake amesema mikono ni ya kizee, nikaikata. Mara ya tatu nilimwuliza, "Wewe mwenyewe, ukilivaa umejifungia chumbani, unaona nini?" Akasema, "Fundi, sijawahi kulivaa nikiwa peke yangu." Alilirudisha nyumbani. Sijui alilifanya nini, na sikuliandika hapa ili uone kwamba alipona. Nimeliandika kwa sababu mimi mwenyewe swali lile sikuwahi kujiuliza. Macho ya mama yangu sikuyaangalia tukiwa wawili tu. Kila mara nilikuwa naangalia kwa macho ya wale wanaopita njiani.

Yule msimamizi wako aliyesema umelala ni mpita njia. Wale wa chuoni ni wapita njia. Na mimi niliyepiga kelele dukani mbele ya wateja, mwanangu, nilikuwa mpita njia kama wao. Tutoe wote. Ukitutoa, kama bado ukikaa peke yako unataka ukope ule unyanyuke, nenda. Naiondoa ile kauli yangu. Hukati macho ya mama yangu. Mimi ndiye niliyeyakata, na kama kuna daktari anayeweza kurekebisha kazi mbaya ya baba yako, sina haki ya kusimama mlangoni.

Na kama utaamua kuacha, usiache kwa kumhurumia bibi. Usiache kwa kunitii. Usifanye kwa kunikomoa pia, maana nimefikiri usiku na mchana na naona hilo nalo linaweza kukujia ukimaliza kusoma. Mimi nilichukua uamuzi juu ya uso wako siku tatu tu baada ya kubaki nao peke yangu, kwa hofu, bila kumwuliza aliyekuzaa. Wewe chukua miezi. Muulize daktari wa pili. Muulize mama yako, ambaye ana akili kuliko sisi wote. Ukiamua, nipigie simu uniambie umeamua nini, na nitasema sawa. Najizoeza kulitamka bila kuongeza kitu.

Suti yako nimeimaliza, iko kwenye msumari. Pini nimetoa zote, nimepapasa mara tatu. Ndani ya mishono nimeacha kitambaa cha kutosha, ukinenepa huko fundi yeyote atakuongezea.

Limebaki moja, na nimelizunguka kurasa zote hizi.

Bibi yako alipofariki, tulimuaga hapahapa uani kabla ya kumpeleka Misungwi. Kina mama walipomaliza kumwosha na kumvika, mmoja alitoka akanifuata pale nilipokaa na wanaume. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Nyamizi, miwani tumvue au tumwachie?" Watu walikuwa wamejaa. Majirani wote, wale wa vijijini kwetu, yule mwanamke aliyemvuta mtoto wake njiani, na mtoto mwenyewe.

Nikasema, "Mwachieni."

Watu wakapita mmoja mmoja, wakamuaga, wakaangalia vioo viwili vyeusi. Mimi nilipita wa mwisho. Nilijiona mwenyewe kwenye kioo, mdogo mdogo, na kofia mkononi. Kisha wakafunika jeneza. Na picha za mama nilizonazo ni nne, zote za huku mjini, zote amevaa miwani. Kwa hiyo miaka yote hii, nikimkumbuka nikataka kuyaona macho yake, nilikuwa nakusubiri utoke shule.

Kesho alfajiri tutakuwa stendi Nyegezi, na kutakuwa na kelele, na mama yako atakuwa anagombana na mtu wa mizigo. Kabla hujapanda, nitakuomba usimame mbele yangu kidogo, usukume nywele pembeni, usiinamishe kichwa. Siyo kukuzuia. Ukirudi na macho mengine utakuwa Nyamizi yuleyule, na nitakupokea. Nataka kukuangalia tu, mbele ya wote wanaopita. Mara ya kwanza nilipoletewa macho hayo niyaage, niliyafunika.

Baba yako